Mdeki na Mtutu: Historia ya Kuzibua Bunduki Mawindoni

Gobore, bunduki ya kushindiliwa kupitia mdomoni, ilikuwa silaha iliyoenea sana miongoni mwa wawindaji wa tembo Afrika Mashariki katika karne ya 19. Mtutu wake ni bomba lililofungwa nyuma. Baruti, kizibo na risasi huingia kwa mbele, na kisichotoka kwa moto hakina budi kutolewa kwa njia ileile kilikoingilia. Kwa sababu hiyo, mwindaji aliyejua kulenga lakini hakujua kuzibua mtutu hakufika mbali porini.

Bunduki hizo ziliingia kwa biashara ya pembe. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na Marekani uliagiza kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake, lakini katika bandari nyingine za himaya yake ziliachwa huru kuuzwa kwa yeyote. Viwanda vya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, vilitengeneza silaha nyingi za biashara ya Afrika. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kisasa, zile za zamani nazo zikauzwa huku. Silaha iliyomfikia mwindaji wa bara mara nyingi ilikuwa imekwisha kutumika miaka mingi, na ndani ya mtutu wake mlikuwa na kutu na mashimo yanayokamata uchafu.

Chanzo kikuu cha kuziba kilikuwa baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida kwa uwiano wa 75, 15 na 10 katika kila sehemu 100. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali hubaki kama moshi mzito na masizi magumu. Masizi hayo hunyonya unyevu, na baada ya milio michache huwa ukoko unaofanya mtutu uwe mwembamba. Watengenezaji walilijua tatizo hili. Bunduki ya jeshi la Uingereza ya enzi hizo ilikuwa na mtutu wenye upana wa milimita 19 hivi, lakini risasi yake ilikuwa na milimita 17.5 tu. Nafasi hiyo ilipunguza shabaha, lakini iliwezesha risasi kushuka hata mtutu ukiwa mchafu.

Chombo cha kazi kilikuwa mdeki, ufito mrefu uliochomekwa chini ya mtutu. Kwa huo mwindaji alishindilia, alisafisha, na pia alipima. Wazoefu waliutia alama: mdeki ukifika chini kabisa, alama inalingana na mdomo wa bunduki na mtutu ni mtupu, alama ikibaki juu, ndani mna kitu. Mideki ya mti ilikuwa na balaa lake, kwani iliweza kuvunjika ndani na kuwa kizuizi kipya. Ndiyo maana katika karne ya 18 majeshi ya Ulaya yalihamia ya chuma.

Ncha ya mdeki wa chuma mara nyingi ilikuwa na hesi za kufungia vifaa viwili. Kimoja kilikuwa ndoano ya kujisokota ya kuvutia kizibo cha kitambaa au kufungia tambara la kusafishia. Cha pili kilikuwa parafujo yenye ncha kali, ya kutobolea risasi. Kwa kuwa risasi ni laini, parafujo huuma, kisha mdeki huvutwa taratibu. Kabla ya hapo fataki huondolewa, au jiwe la gumegume hutengwa na chuma chake, kwa sababu anayevuta amesimama mbele ya baruti hai. Kama risasi imeshindiliwa bila baruti nyuma yake, kosa la kawaida la mtu mwenye haraka, chembe chache za baruti laini hupenyezwa kupitia kifa, tundu dogo la kupitishia moto. Kisha risasi husukumwa kwa mdeki hadi chini kabisa, isiwe kizuizi njiani, na bunduki hulipuliwa mahali salama. Kifa chenyewe kikiziba, huzibuliwa kwa sindano ya waya. Ukoko wa masizi hauyeyuki kwa mafuta. Dawa yake ni maji, hasa ya moto, na yakikosekana mate au hata mkojo ulifanya kazi.

Hatari ya kushindilia bila kupima inaonekana katika maisha ya Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyefika Afrika Kusini mwaka 1871 na kuanza kuwinda tembo kwa magobore mazito yanayotupa risasi ya robo ratili. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 anaeleza jinsi bunduki yake ilivyokataa kulia, mbeba bunduki akaishindilia tena juu ya shehena iliyokuwamo. Selous alipoifyatua ilimwangusha chini, na kitako kikavunjika. Aliponea chupuchupu, akaishi hadi alipouawa vitani Beho Beho, Tanzania ya leo, tarehe 4 Januari 1917.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Gobore likabaki mikononi mwa Waafrika, huku wageni wakitembea na bunduki za viasi, yaani risasi zilizofungwa pamoja na baruti yake, zinazojazwa kwa nyuma.

Bunduki hizo zilileta nafuu kubwa: mtu aliweza kufungua nyuma na kuchungulia mwanga upande wa pili. Wanajeshi wa Uingereza waliotumia bunduki ya Lee-Enfield walibeba ndani ya kitako kichupa cha mafuta na kamba yenye kipande cha shaba. Shaba hudondoshwa kutoka nyuma, ikatokea mdomoni na kuvuta tambara. Kamba hiyo hutosha kwa masizi na vumbi. Haifai kwa risasi iliyokwama, kwa kuwa haiwezi kupita. Hapo lazima utumike ufito mgumu, usukumwe kwa uangalifu. Kijiti kibichi kilichokatwa porini huweza kukatikia ndani.

Baruti isiyo na moshi, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1886, ilipunguza masizi lakini ikaongeza msukumo wa hewa ndani ya mtutu. Tope lililoingia mwindaji alipoanguka, kiota cha nyigu, au kizibo cha mvua kilichosahauliwa mdomoni, vyote huweza kuizuia risasi ghafla. Msukumo hukosa njia, chuma hutuna kama pete au hupasuka karibu na mkono na uso wa mpigaji.

Kanuni iliyobaki tangu enzi za gobore hadi leo ni moja. Kizuizi hakitolewi kwa kufyatua. Bunduki iliyoanguka, iliyozama majini au iliyotoa mlio hafifu hutolewa risasi kwanza, mtutu huchunguliwa kutoka nyuma inapowezekana, na pasipo kuonekana mwanga, uwindaji wa siku hiyo umekwisha mpaka mtutu uzibuliwe.