Faida Isiyoliwa: Maonyesho ya 1851 na Vijana wa Maabara

Tarehe 26 Mei 1851 kiingilio cha Maonyesho Makuu ya London kilishushwa hadi shilingi moja. Kabla ya hapo, waliopita mlangoni katika bustani ya Hyde Park walikuwa watu wenye nafasi, walioweza kununua tiketi ya msimu mzima au kulipa kiingilio kikubwa cha siku. Sasa wakaja mafundi, wakulima, watumishi wa majumbani na vibarua wa viwandani, wengi wao kwa treni za safari maalumu. Walikuja kushangaa mitambo ya mvuke, vitambaa, vito na vyombo kutoka pande nyingi za dunia, vyote vikiwa ndani ya jumba la chuma na vioo takriban 300,000. Lilibuniwa na Joseph Paxton, mtu aliyeanza maisha kwa kutunza bustani. Milango ilipofungwa mwezi Oktoba, waliohesabiwa kuingia walikuwa wamepita milioni 6, na waandaaji wakabaki na faida ya pauni 186,000.

Faida kubwa namna hiyo haikosi wenye kuinyemelea. Lakini Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria na mwenyekiti wa shughuli nzima, alikuwa na mpango wake: fedha zisigawanywe, zitumike kununua ardhi, na juu ya ardhi hiyo zijengwe taasisi za kuunganisha sayansi na sanaa na kazi za viwandani. Tume ya Kifalme iliyoandaa maonyesho, ambayo kwa desturi ingevunjwa baada ya hesabu kufungwa, ikapewa hati ya kuendelea kuwepo. Ikanunua ekari 87 za mashamba na bustani huko South Kensington. Leo mtaa huo una Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, Makumbusho ya Sayansi, Makumbusho ya Historia ya Viumbe, ukumbi wa Royal Albert Hall na chuo cha Imperial.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja hana haja ya kuelezwa sana utaratibu wenyewe, maana ndio wa wakfu: mali hubaki, mavuno ndiyo yanayotumika. Tofauti ni kwamba hapa mavuno yalichelewa sana. Albert alifariki Desemba 1861 bila kuyaona. Tume ilikuwa imebeba deni la ununuzi wa ardhi, na baadhi ya wapangaji wake hawakulipa kama ilivyotarajiwa. Ilichukua miaka ya kukodisha viwanja kwa wajenzi na kuuza vingine mpaka hesabu zikakaa sawa, na aliyeshughulikia sana kazi hiyo alikuwa Lyon Playfair, mkemia aliyegeuka mwanasiasa.

Playfair alikuwa na hofu iliyomsumbua kwa miongo miwili. Katika maonyesho ya Paris ya 1867 aliona bidhaa za Waingereza zikianza kupitwa na za mataifa ya bara la Ulaya, akarudi akipiga kelele kwamba sababu ni elimu ya ufundi. Mfano haukuwa mbali. Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, aligundua rangi ya kwanza ya zambarau iliyotengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe, lakini kabla karne haijaisha biashara ya rangi za kikemia ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Siri yao ilikuwa maabara. Chuo kikuu cha Ujerumani kilimfundisha kijana kutafuta jambo jipya, siyo kukariri lililokwisha kujulikana. Playfair alilijua hilo kwa macho yake, kwani alisoma Giessen, Ujerumani, chini ya mkemia Justus von Liebig.

Kwa hiyo Tume ilipojikuta tena na fedha mkononi, ilianzisha ufadhili wa utafiti wa sayansi mwaka 1891, miaka 40 baada ya maonyesho. Kila kijana alipewa pauni 150 kwa mwaka, kwa miaka miwili, na aliyefanya vizuri zaidi aliweza kuongezewa wa tatu. Wateule walitoka vyuo vya mikoani Uingereza, Scotland na Ireland, na vyuo vya makoloni kama Kanada, Australia na New Zealand. Hakukuwa na mtihani wa kushindania. Chuo kilimpendekeza mtu ambaye tayari alikuwa amefanya utafiti, na kazi yake ndiyo iliyopimwa. Kisha alitakiwa kuondoka, aende kufanya kazi katika maabara nyingine badala ya kubaki kwa mwalimu wake. Wengi walikwenda hukohuko Ujerumani, na Tume haikuona aibu kulipia masomo kwa mshindani.

Utaratibu huo nusura umkose mtu wake mashuhuri kuliko wote. New Zealand ilikuwa koloni isiyofika watu milioni moja, na nafasi yake ilikuwa moja tu. Wagombea walikuwa wawili. James Maclaurin wa Auckland alikuwa mkemia aliyechunguza jinsi sayanaidi inavyoyeyusha dhahabu, njia ambayo mpaka leo hutumika kuchenjua dhahabu katika migodi kama ya Geita. Ernest Rutherford wa Christchurch alichunguza usumaku wa chuma katika mkondo wa umeme unaobadilika kwa kasi kubwa. Maclaurin akachaguliwa, akashindwa kuipokea nafasi, ikamwangukia wa pili. Inasimuliwa kwamba Rutherford alikuwa shambani kwa wazazi wake akichimba viazi habari ilipomfikia, akatupa jembe na kuapa kwamba hatachimba tena.

Alifika Cambridge mwaka 1895. Bahati ilimkuta mlangoni: mwaka huohuo chuo hicho kilibadili kanuni na kuanza kupokea watafiti waliohitimu kwingine. Rutherford alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kwa kanuni hiyo, akawekwa chini ya J. J. Thomson katika maabara ya Cavendish. Yaliyofuata ni sehemu ya kila kitabu cha fizikia: miaka ya Montreal iliyompa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1908, kisha Manchester, ambako mwaka 1911 alieleza kwamba atomu ina kiini kidogo kilichobeba karibu uzito wake wote.

Manchester ndiko alikomwandaa mteule mwingine wa 1851, James Chadwick. Kwa kuwa sharti la kuhama lilikuwa palepale, mwaka 1913 Chadwick alikwenda Berlin kufanya kazi na Hans Geiger. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na Mwingereza aliyekuwa Ujerumani akawa mtu wa upande wa adui. Alizuiliwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa kambi, na kwa miaka minne akalala katika zizi pamoja na wenzake. Hata humo hakukaa bure. Madukani Ujerumani iliuzwa dawa ya meno iliyotiwa thoriamu, ikisifiwa kuwa hung'arisha meno, na Chadwick akaitumia kama chanzo cha mionzi katika majaribio ya kambini. Aliachiwa mwaka 1918 akiwa dhaifu na hana fedha, Rutherford akampa kazi. Mwaka 1932 aligundua nyutroni, na Nobel ikamfuata mwaka 1935.

Baada ya vita hivyo mpango ulipangwa upya, na orodha ya wateule ikazidi kunenepa. Walter Haworth alikuwa ametangulia kwenda Göttingen kabla ya vita, akaja kupata Nobel ya kemia mwaka 1937. Paul Dirac alipewa ufadhili huo mwaka 1925, mwaka ule alipoanza kuandika makala zake za mekanika ya kwanta. Homi Bhabha wa Bombay aliupata katika miaka ya 1930, na baadaye akawa mwasisi wa utafiti wa nyuklia nchini India. Peter Higgs aliutumia Edinburgh katikati ya miaka ya 1950, miaka mingi kabla jina lake halijapewa chembe ndogo ya maumbile.

Afrika nayo imo. Aaron Klug, aliyelelewa Durban, alitoka Chuo Kikuu cha Cape Town kwenda Cambridge mwaka 1949 kwa fedha za 1851, akapata Nobel mwaka 1982. Sydney Brenner wa Germiston, mtoto wa fundi viatu asiyejua kusoma, alikwenda Oxford kwa ufadhili huohuo, naye akapata Nobel mwaka 2002. Wote wawili walikuwa Waafrika Kusini weupe. Ili mtu apendekezwe ilibidi awe na chuo cha kumpendekeza na maabara ya kuonyesha kazi yake, na kwa Waafrika walio wengi milango ya vyote viwili ilikuwa imefungwa. Huku kwetu, mwaka Rutherford alipopanda meli, hakukuwa na chuo chochote cha aina hiyo. Makerere ilianza kama shule ya ufundi mwaka 1922, na Dar es Salaam ikapata chuo kikuu kishiriki mwaka 1961. Ufadhili unaotafuta vipaji huwaona wale tu waliokwisha kupewa mahali pa kuvionyesha.

Tume ingali hai. Ufadhili wake mkuu wa utafiti sasa ni wa miaka mitatu, kwa wanasayansi na wahandisi wanaoanza kazi na wanaoonyesha kipaji cha pekee, na haukomei kwa Waingereza: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaweza kuomba. Tangu 1990 upo pia wa wahandisi wanaofanya shahada ya uzamivu wakiwa kazini katika kampuni. Fedha zote hizo ni mavuno ya mali ileile iliyoanza na viingilio vya mwaka 1851.

Nchi zetu nazo zina mifuko yake. Tanzania ina MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, chini ya COSTECH, tume ya nchi hiyo ya sayansi na teknolojia, na Kenya ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti kwa sheria ya mwaka 2013. Mifuko hii kwa sehemu kubwa husubiri bajeti ya serikali au mkono wa wafadhili, na bajeti ikibana, utafiti huwa wa kwanza kupunguzwa. Mtafiti kijana hawezi kuanza jaribio la miaka mitatu kwa fedha asiyojua kama itakuwepo mwakani. Ardhi tunayo, majengo ya kupangisha tunayo, hisa katika mashirika tunazo. Bunge likitaka vijana wa maabara wapate uhakika waliopata wale wa 1851, lina njia rahisi ya kuanzia: kuukabidhi mfuko wa utafiti mali inayozalisha, na kuiwekea sheria kwamba hakuna waziri atakayeiuza.