Chukudu: Kazi ya Vichwa Viwili

Katika madaftari ya wanafunzi wetu kila chombo kiko na jina la mutu mmoja. Mashine ya mvuke, wanaandika James Watt, basi. Lakini tukiwauliza nani alibuni chukudu, darasa lote linanyamaza. Tunataka kuonyesha hapa kwamba ukimya huo si aibu.

Wazee wa Kivu ya Kaskazini wanasema chukudu ilianza miaka ya 1970, wakati wa Zaïre. Magari yalikuwa machache, barabara mbaya, na mkulima ilimpasa kufikisha viazi, kabichi na makala sokoni Goma. Jina lenyewe, husemwa, ni sauti ya magurudumu ya mbao juu ya mawe.

Fundi anachonga mbao ya mkaratusi, lakini hachongi peke yake. Mwenye kusukuma anarudi kwake na malalamiko: «Fundi, nikipiga goti hapa, ninaumia.» Fundi anamujibu: «Basi, mudogo wangu, panda, unionyeshe fasi inakuuma.» Ndiyo vile goti lilipata kipande cha mupira cha kulilinda. Ndiyo vile magurudumu yalivalishwa mipira ya magari iliyochakaa, na gurudumu la nyuma likapata kipande kingine cha kukanyaga, kiwe freni. Anayebeba magunia ya makala anaomba ubao mrefu. Anayebeba mizigo midogo, mufupi. Fundi anajua mbao, mwenye chukudu anajua njia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na chombo kikiisha kutengenezwa, kufikiri hakuishi. Chukudu kubwa inabeba zaidi ya kilo 400, haina motere. Toka Kibumba kuteremka Goma, ni kichwa cha mutu kinachopima: muzigo uegemee wapi, kukanyaga freni saa gani, kona ichukuliwe namna gani. Akikosea, hakuna mashine ya kumusahihisha. Kisha Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, chukudu zilibeba mbao na mawe ya kujenga mji upya.

Leo pikipiki zinafika kutoka kiwandani zikiwa zimekwisha kufikiriwa na wengine, mbali. Hatuzikatai, zinatusaidia. Lakini kijana anayezinunua hapati mutu wa kumwambia goti linauma. Tukipoteza mazungumzo yale ya fundi na mwenye muzigo, hatupotezi tu mbao na mipira. Tunapoteza zoea la watu wetu la kutengeneza vyombo kufuatana na maisha yao.

Mwaka 2009 sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu ilisimamishwa Goma. Ni heshima kubwa. Ila juu yake tunaona mutu mmoja tu, fundi hayuko. Sisi walimu tumuweke basi katika masomo yetu: tutume wanafunzi kwa mafundi, wapime, wachore, wawaulize wazee wangali hai.