Mnyoo Feki Uliopikwa Jikoni, Samaki Mgeni wa Naivasha na Mwana wa Mfalme Aliyejutia Zawadi

Wadau, leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Nina stori yenye mke na mume, utapeli wa hali ya juu, na mwana wa mfalme aliyepokea zawadi akaja kuijutia karibu nusu karne baadaye. Yote inaanzia kwenye mnyoo. Tena mnyoo feki.

Vijana wa Tumbi na Maili Moja wanaoshuka Mto Ruvu na ndoana wanakijua chambo kimoja: nyungunyungu. Unafukua kwenye udongo mbichi chini ya migomba, unatia kwenye kopo, unapanda gari la Mlandizi. Kambale akikubali umekula, asipokubali unarudi na kopo lako. Lakini siku hizi ukishika simu unamwona jamaa wa mbali huko kashikilia kitu cha zambarau kinachotikisika kama jeli. Anarusha, anavuta kidogo, lisamaki hilo! Na vitu vyenyewe vinauzwa mtandaoni paketi kwa paketi. Swali linakuja: hivi ni nini hiki, na huku kwetu kinapiga kazi?

Ili tujibu vizuri inabidi turudi nyuma hadi mwaka 1949, mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Akron ulikuwa mji wa mpira. Matairi ya Goodyear yanatoka kule. Kulikuwa na fundi mitambo mmoja, Nick Creme, na mke wake Cosma. Jamaa alikuwa mgonjwa wa uvuvi. Minyoo ya mpira ya kuvulia ilikuwepo tangu karne ya 19, ila ilikuwa migumu, samaki anaionja na kuitema. Creme alitaka kitu laini kama mnyoo wenyewe. Basi wakawasha jiko la nyumbani, wakachemsha vinili, mafuta na rangi kwenye sufuria, wakamimina kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa umbo la mnyoo halisi. Mwaka 1951 walikuwa wanauza kwa posta, mitano kwa dola moja. Historia inamtaja sana mume. Mama wa watu aliyevumilia harufu ya plastiki kwenye jiko lake anatajwa kwa mstari mmoja, na mimi naona hapo hawakumtendea haki.

Hiyo vinili usiiogope, unayo nyumbani. Ni ndugu wa lile bomba la maji la PVC. Tofauti ni mafuta maalumu yanayochanganywa ndani ili plastiki ilegee. Mafuta hayo yakumbuke, tutayarudia kwenye kuhifadhi, maana ndiyo yanayowatia watu hasara.

Sasa utapeli uko wapi? Samaki hana mikono, kila kitu anakikagua kwa mdomo. Akigonga kipande cha mbao au bati anashtuka, anakitema hapohapo. Akikutana na kitu laini anakishikilia kidogo zaidi, na kwenye uvuvi hiyo sekunde moja ndiyo maisha. Miaka ya 1950 ikielekea mwisho, mabwawa mapya ya Texas yalikuwa yamejaa miti iliyozama. Chambo chochote chenye ndoana wazi kilinasa kwenye matawi. Wavuvi wa kule wakabuni ujanja ambao mpaka leo unabeba jina la jimbo lao: chubwi lenye umbo la risasi linatangulia mbele, ndoana inapita kichwani mwa mnyoo, inatoka, inageuzwa, kisha ncha yake inafichwa ndani ya mwili wa plastiki. Unaburuta kwenye magugu, hainasi. Samaki akiuma, plastiki inabonyea na ncha inatokeza. Kampuni ya Creme ikahamia hukohuko Texas, mji wa Tyler.

Baadaye mambo yakawa biashara kamili. Mwaka 1967 yakaanza mashindano makubwa ya kuvua samaki anayeitwa besi (sio besi ya spika za singeli, huyu ana mapezi), na fundi mmoja wa Alabama, Tom Mann, akatoa minyoo yenye harufu ya matunda. Stroberi, zabibu, kama juisi za dukani. Kama samaki anaijua stroberi au haijui, hilo waulize walionunua. Mimi naamini kilichovutiwa zaidi ni pua ya mteja.

Haya, huyo besi ndiye shujaa wa stori yetu, au jambazi, inategemea unakaa upande gani wa ziwa. Ni samaki wa Amerika Kaskazini, ana mdomo mpana kama mfuko wa rambo, anajificha kwenye majani na kumeza kinachopita. Afrika Mashariki hakuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wakoloni wa Kiingereza waliokuwa Kenya walimleta Ziwa Naivasha kwa sababu moja tu: starehe. Walitaka samaki anayepigana akiwa kwenye mshipi. Naivasha ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, kadogo kiasi cha kidole, wanasayansi wanakaita Aplocheilichthys antinorii. Hakana sifa ya kuvuliwa, hakana nyama ya kuuza. Mara ya mwisho kuonekana ziwani humo ni mwaka 1962. Mtuhumiwa anayetajwa na watafiti ni mgeni mwenye mdomo mpana.

Hapo ndipo stori inapoacha kuchekesha. Kila samaki unayeletewa mezani leo kutoka Naivasha ni mhamiaji au mtoto wa wahamiaji. Perege waliletwa. Kamba wa maji baridi, wale wekundu wenye makucha, asili yao kusini mwa Marekani, wakaingizwa mwaka 1970. Karibu mwaka 2001 akatokea kapu, na ndani ya miaka michache akawa ndiye anayejaza nyavu. Wenyeji wameishi na matokeo: mwaka huyu anapanda, yule anashuka, mwaka mwingine uvuvi unafungwa. Sisi wa Tanzania tusicheke, maana sangara naye aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Aliwapa watu wa Mwanza viwanda na ajira, ila alikula furu wa aina nyingi mno. Ukitaka kujua uzito wake, muulize mtu wa Ukerewe mwenye umri mkubwa ni samaki gani aliokuwa akila utotoni ambao leo hawaoni.

Na mwana wa mfalme? Huyo ni wa Japani. Mwaka 1960, Akihito, wakati huo mrithi wa kiti, alitembelea Chicago, na meya wa jiji akamzawadia samaki wadogo wa huko wanaoitwa bluegill. Akaenda nao nyumbani kwa nia njema, wafugwe wawe chakula. Wakatoroka, wakasambaa hadi Ziwa Biwa, wakawala samaki wa asili. Besi tayari alikuwa ameshaingizwa nchini humo tangu 1925, kwa hiyo ziwa likawa na wageni wawili wenye njaa. Mwaka 2007, Akihito akiwa sasa Mfalme, alisimama hadharani akaeleza jinsi jambo hilo linavyomuumiza. Wafalme wangapi umewahi kuwasikia wakijutia samaki? Kituko chenyewe kikaja mwaka 2009: katika Ziwa Biwa hilohilo, Manabu Kurita alimvua besi wa zaidi ya kilo 10, akafikia rekodi ya dunia iliyokuwepo tangu 1932. Chambo alichotumia ni bluegill hai. Zawadi ya meya hiyo.

Turudi Kibaha. Nimeyasema yote hayo kwa sababu nishasikia wazo linazunguka vijiweni: kwanini tusilete besi tumwage kwenye mabwawa yetu, tufanye mashindano, tupate watalii? Bana, hapana. Ruvu si bwawa la nyumbani kwako. Maji yake ndiyo yanayochujwa Mlandizi na kuingia bombani Dar es Salaam, na ndani yake kuna samaki wetu wa kutosha. Mmoja wao ana jina la Tanzania kabisa kwenye vitabu: Hydrocynus tanzaniae, ndugu wa yule anayeitwa kibebe kule Kigoma. Wanasayansi walimpa jina hilo mwaka 1986 na anapatikana Ruvu na Rufiji. Meno yake yanatokeza nje hata akifunga mdomo. Kama unatafuta samaki wa kupigana naye, huyu hapa, hajahitaji meli wala ndege.

Ila kwake mnyoo laini ni hasara tupu. Anakata mkia kwa mkupuo mmoja, unavuta nusu chambo. Kwake tumia chambo kigumu cha bati au mbao, na kipande cha waya mbele ya mshipi. Kambale naye anawinda usiku kwa ndevu na pua, plastiki isiyonukia ataipita kama hakuiona, kwa hiyo nyungunyungu wako bado ni bingwa. Perege hula zaidi majani na vitu vidogo vidogo. Kifaa hiki kinang'aa kwa samaki wanaowinda kwa macho na kumeza kwa mdomo mpana: besi wa Naivasha, sangara wa Victoria, na baharini chewa wa kwenye miamba.

Ukiwa unaelekea huko, chagua kwa kujiuliza samaki anakula nini. Naivasha besi anakula sana wale kamba wekundu, basi chukua chambo chenye makucha, rangi ya kahawia yenye wekundu, ukiburute chini taratibu. Sangara anakula samaki wenzake, mpe umbo la dagaa au samaki mdogo mwenye mkia bapa unaopiga maji. Maji yakiwa meupe, rangi za asili na zenye kupitisha mwanga. Maji ya tope, nyeusi au zambarau, kwa sababu kule samaki anaona kivuli tu. Mnyoo wa urefu wa sentimita 10 hadi 18 unatosha kuanzia. Na usiwe na papara ya kuvuta. Wanaoanza wengi wanavuta kama wanakimbizwa, wakati mnyoo wa plastiki unafanya kazi zaidi ukiwa unazama.

Kuhifadhi sasa, ndipo yale mafuta yanaporudi. Usiimwage minyoo kwenye kopo la plastiki gumu bila kujua kama linaistahimili. Mafuta yakitoka yanaweza kuyeyusha kopo, ukafungua ukakuta uji. Iache kwenye paketi iliyokuja nayo. Usichanganye nyeusi na nyeupe, rangi zinahama na hazirudi. Usichanganye pia na ile mipya inayovutika kama raba, kwa kuwa imetengenezwa kwa kitu kingine na zikigusana zinayeyushana. Ilaze imenyooka, kwa sababu mkia uliopinda unazunguka majini na kusokota mshipi wote. Kama umeshapinda, uchovye kwenye maji ya moto sekunde chache, unyooshe, tia kwenye maji baridi. Na tafadhali, usiiache kwenye gari lililopaki juani saa saba mchana. Jua la Kibaha unalijua.

Iliyochakaa isitupwe mtoni. Haiozi, na samaki akiimeza inakaa tumboni. Mwaka 2013 wabunge wa jimbo la Maine kule Marekani waliletewa muswada wa kuipiga marufuku kabisa. Haukupita, ila mjadala ulikuwa mkali. Sisi tuliachana na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, itakuwa ajabu tuirudishe Ruvu kwa umbo la mnyoo. Weka kopo la vipande vilivyokatika, rudi nacho nyumbani. Wala usijaribu kuiyeyusha jikoni kama bwana na bibi Creme. PVC ikizidiwa moto inatoa moshi wa sumu, na nyumba nyingi za kupanga dirisha la jiko ni moja, linatazama chumba cha jirani.

Kwa wanaoenda Ruvu wikiendi hii: kabla ya kutupa ndoana, waulize wenyeji mamba wameonekana upande gani.