Mitaa ya Dar es Salaam na Viwanja Vyake Vitupu

Mji husomwa kwa majengo yake, na husomwa vilevile kwa mahali palipoachwa bila jengo. Jambo hili ladhihirika katika Dar es Salaam, mji ambao mitaa yake ya kale ilikatwa kwa sheria, na kati ya mtaa na mtaa ikaachwa nafasi tupu kwa makusudi.

Msafiri atokaye Igamba, katika nchi ya Wanyiha huko Mbozi, akiifuata barabara kuu ya Tunduma, husafiri zaidi ya kilometa 800 kabla ya kuiona bahari. Aingiapo mjini kwa Barabara ya Morogoro, huusoma mji kama kitabu kilichofunguliwa kutoka mwisho. Hukutana kwanza na Mbezi na Kimara, vitongoji vya juzi. Kisha Ubungo, Manzese na Magomeni. Halafu hushuka katika bonde la Jangwani na kuuvuka Mto Msimbazi. Ndipo huiacha Kariakoo upande wake wa kuume, akaupita uwanja wa Mnazi Mmoja, akaingia katika maduka ya Uhindini, na mwishowe akafika ufukweni, palipokuwa Uzunguni. Mambo yaliyoanza kwanza huyaona mwisho.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji huo katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 kazi ilizorota. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, na mwaka uo huo wakatoa kanuni za ujenzi. Waingereza, walioutwaa mji Septemba 1916, waliirithi fikira hiyo, na katika miaka ya 1920 wakaugawa mji katika kanda tatu.

Ujanja wa kanuni hizo ulikuwa katika lugha yake. Hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja ukuta na paa. Katika kanda ya kwanza, upande wa mashariki penye upepo wa bahari, iliruhusiwa nyumba ya namna ya Kizungu peke yake. Katika ya pili zilitakiwa nyumba imara za biashara na makazi. Katika ya tatu mtu aliweza kujenga nyumba ya miti na udongo, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba mbavuni na ua nyuma. Asiyekuwa na fedha za mawe na saruji hakuhitaji kufukuzwa Uzunguni, kwa kuwa mkoba wake ulikwisha kumfukuza. Hivyo sheria isiyotaja taifa la mtu iliwatenga watu kwa mataifa yao.

Kanda hiyo ya tatu ndiyo Kariakoo. Jina lake ni kumbukumbu ya msiba. Katika vita kuu ya kwanza Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi wengi wa vita ile waliuawa na maradhi na uchovu kuliko risasi. Leo mamia ya watu hulitaja jina hilo kila siku wakiulizia bei ya kitambaa, wala hawafikiri kuwa wanawataja wafu.

Kati ya Kariakoo na Uhindini Wajerumani walipanga, na Waingereza wakatekeleza, ukanda mtupu uwe mpaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Huo ndio Mnazi Mmoja. Lakini ardhi tupu haina utii kwa aliyeiacha tupu. Mahali palipokusudiwa watu wasikutane ndipo walipokutana. Kandokando yake, katika nyumba ya mtaa ulioitwa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na uwanjani hapo umati ukasikiliza hotuba za kudai uhuru. Mpaka ukageuka baraza. Leo umesimama hapo mnara wa ukumbusho wa uhuru.

Uwanja wa pili mtupu haukuachwa na mwanadamu. Mto Msimbazi, utokao katika vilima vya Pugu na kuingia baharini penye Daraja la Selander, ulijichukulia bonde lake, na wapimaji wa kale waliliogopa. Mji ulipozidi, kutoka watu 128,742 mwaka 1957 hata 5,383,728 mwaka 2022, wasio na uwezo wa kununua kiwanja mlimani waliteremka bondeni. Desemba 2011 mto ulirudi kwake, watu wakafa, na baadhi ya waliosalia wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao.

Hapa pana funzo la kuangaliwa. Kanuni za kanda zimekwisha futika, na hakuna ukuta unaomzuia Mtanzania yeyote kukaa Oyster Bay. Walakini bei ya kiwanja yaweza kuifanya kazi ileile iliyofanywa na sheria ya ukuta na paa, tena bila kulaumiwa na mtu. Mji wa kale uliwapa maskini upande usio na upepo. Mji wa sasa umewaachia maji. Sasa bonde la Msimbazi linatengenezwa upya, na nyumba nyingi zilizokuwamo zimeondolewa. Kama bonde hilo litakuwa baraza la watu wote, mfano wa Mnazi Mmoja, au mpaka mpya kati ya wenye nacho na wasio nacho, wakazi wa mji ndio watakaoamua.