Tiketi ya msimu: kiti ni cha nani mwenye tiketi asipofika uwanjani?

Katika mji wa Rumonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, tiketi ya mpira ni jambo la dakika moja. Shabiki hufika kwenye lango la kiwanja, hulipa faranga zake, hupewa kipande cha karatasi na kuingia. Karatasi hiyo haina jina. Aliyeinunua akipata dharura, humpa mdogo wake au jirani, na mlinzi wa lango hana swali la kuuliza.

Hali ni tofauti kabisa kwa tiketi ya msimu, na kwa tiketi nyingi za kielektroniki zinazouzwa siku hizi. Jambo hilo linawahusu wakazi wa mwambao wa Tanganyika kuliko wengi wanavyodhani. Wapo wanaovuka mpaka kwenda kuzitazama Simba na Yanga, na wapo wenye ndugu Ubelgiji, Ufaransa au Uingereza ambao humwazima mgeni wao kadi ya uwanjani. Kitendo ambacho Rumonge huitwa ukarimu, kwingineko chaweza kumfanya mwenye kadi apoteze kiti chake, au hata kufikishwa mahakamani.

Maana ya tiketi ya msimu

Tiketi ya msimu humpa mnunuzi kiti kimoja kwa mechi zote za ligi ambazo klabu yake inacheza nyumbani. Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 19 za nyumbani kwa kila klabu, na ligi ya kwanza ya Ujerumani ina 17. Ligi Kuu ya Tanzania Bara, yenye timu 16, ina 15. Mnunuzi hulipa mara moja kabla ya msimu kuanza, na mara nyingi hupewa nafasi ya kwanza ya kukichukua tena kiti hicho msimu unaofuata. Katika klabu kubwa za Uingereza, watu huisubiri nafasi hiyo kwa miaka mingi.

Wengi hukosea hapa. Aliyelipa hudhani amenunua kiti, kama mtu anunuavyo mtumbwi. Kwa mujibu wa masharti ya klabu nyingi, alichonunua ni ruhusa ya kukikalia, na ruhusa hiyo ina jina lake. Kadi yenyewe hubaki kuwa mali ya klabu, nayo yaweza kuifunga ikiona masharti yamevunjwa.

Hata hivyo, hakuna binadamu anayeweza kuhudhuria mechi zote za msimu bila kukosa. Kuna ugonjwa, kazi na misiba. Mvuvi wa Rumonge anajua vizuri kwamba ratiba ya ziwa haimwulizi mtu kama kuna mpira: usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, ndio wakati wa kuwasha taa na kuvua ndagala, na hapo hakuna mechi itakayomtoa majini. Mwaka mzima wa siku zilizopangwa tangu mwanzo unamfaa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi kuliko mtu wa ziwani. Huenda ndiyo sababu mojawapo inayoifanya tiketi ya mechi moja kuendelea kutawala katika mwambao huu.

Kutoa, kubadilishana na kuuza

Klabu zenye tiketi za msimu kwa kawaida hutofautisha mambo matatu ambayo kwa macho ya kawaida yanafanana.

La kwanza ni kumpa mtu kiti bila malipo, au kwa kurudishiwa gharama tu. Klabu nyingi huruhusu hilo, lakini kupitia mfumo wao. Liverpool, kwa mfano, humtaka mwenye tiketi aunganishe akaunti yake na orodha ya jamaa na marafiki, kisha atume tiketi ya mechi husika kwenye simu ya mmoja wao. Jina la atakayekaa hujulikana, na iwapo atawasha fataki au kurusha chupa, klabu inajua pa kuanzia. Mara nyingi mwenye kadi naye huadhibiwa kwa kosa la mgeni wake.

La pili ni kukirudisha kiti kwa klabu ili kiuzwe kwa mwanachama mwingine. Arsenal ina soko lake la ndani la namna hiyo. Mwenye tiketi hukitangaza kiti kabla ya siku ya mechi, na kikinunuliwa hurejeshewa kiasi fulani, ambacho kwa kawaida hukaribia bei ya msimu iliyogawanywa kwa idadi ya mechi. Kisiponunuliwa, hapati kitu. Kwa hiyo anayesubiri mpaka asubuhi ya mechi ili aseme haendi, mara nyingi huwa amechelewa.

La tatu ni kumuuzia mtu mwingine nje ya mfumo wa klabu. Hapo ndipo sheria ya nchi inapoingia.

Uingereza na Wales zina sheria kali kuliko nyingi. Kifungu cha 166 cha sheria ya jinai na utulivu wa umma ya mwaka 1994 kinaharamisha kuuza tiketi ya mechi ya soka iliyotajwa na sheria hiyo bila idhini ya waandaaji. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba faida si sharti la kosa. Mtu aliyeiuza tiketi kwa bei ileile aliyoinunulia, au hata kwa hasara, anaweza kushtakiwa. Kuitangaza tu kwamba inauzwa kunatosha. Adhabu ni faini, na mahakama inaweza pia kumzuia mhusika kuingia viwanjani.

Sheria hiyo ilitokana na hofu ya usalama. Aprili 15, 1989, msongamano katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield ulisababisha vifo vya watu 97. Ripoti ya Jaji Taylor iliyofuata ilipendekeza, miongoni mwa mambo mengi, kwamba ulanguzi wa tiketi uwe kosa la jinai. Hoja ilikuwa kwamba tiketi zikiuzwa mitaani, mashabiki wa timu mbili huchanganyika katika jukwaa moja, na mpango wote wa kuwatenganisha huvurugika. Wauza matamasha hawakuguswa na kifungu hicho, na kwa muda mrefu tiketi ya muziki iliuzwa wazi mahali ambapo tiketi ya mpira ilimtia mtu hatiani.

Kwa familia ya Kirundi inayoishi huko, tofauti hii ina uzito. Mjomba akimpokea mpwa wake kutoka Rumonge na kumtumia tiketi yake ya Jumamosi kwa njia ya klabu, hana kosa. Akimwachia kadi mkononi bila kuijulisha klabu, amevunja masharti na kadi yaweza kufungwa. Akimpa mtu asiyemjua kwa fedha, baada ya kutangaza kwenye kundi la WhatsApp, ameingia katika eneo la jinai.

Ubelgiji, ambako Warundi wengi wanaishi, inatazama zaidi bei na mazoea. Sheria ya Julai 30, 2013 inakataza mtu kuuza tena tiketi kwa ukawaida bila idhini ya mwandaaji. Inakataza pia kuuza hata mara moja kwa bei iliyozidi ile ya mwisho iliyowekwa na mwandaaji. Mpira wa miguu una kanuni zake za ziada za usalama zinazotokana na sheria ya mwaka 1998. Ufaransa, tangu Machi 2012, humtoza anayefanya biashara hiyo bila idhini faini ya hadi euro 15,000, na kiwango huongezeka mara mbili akirudia. Ujerumani imeliacha suala hili zaidi kwenye mikataba: mwaka 2008 mahakama yake ya juu, katika kesi iliyoihusu klabu ya Hamburg, ilitenganisha mlanguzi anayenunua kwa klabu huku akificha nia yake na yule anayenunua kwa watu binafsi.

Upande wa ziwa

Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ilipelekwa Kigoma, katika uwanja wa Lake Tanganyika. Simba iliifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Kwa shabiki wa Rumonge, mechi ya watani wa jadi ambayo kwa kawaida hutazamwa kwenye runinga ilikuwa ng'ambo ya mpaka tu, kwa njia ya Nyanza-Lac, Mabanda na kituo cha Mugina na Manyovu. Mapenzi hayo yana mizizi: Amissi Tambwe na Saidi Ntibazonkiza, wote Warundi, walizichezea klabu zote mbili na kila mmoja amewahi kuibuka mfungaji bora wa ligi.

Tanzania sasa inatumia zaidi tiketi za kielektroniki katika viwanja vyake vikubwa. Kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, shabiki huingia kwa kadi ya N-Card, ileile inayotumika kulipia kivuko cha Kigamboni. Tiketi hununuliwa kwa simu na kuingizwa kwenye namba ya kadi. Hapo mtu wa Burundi hukutana na kikwazo: laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho, na fedha za Lumicash au Ecocash hazilipi kwenye mfumo huo moja kwa moja. Kwa hiyo wengi humwomba ndugu au rafiki aliyeko Tanzania awanunulie. Huyo ndugu asipoweka namba ya kadi ya msafiri, tiketi inakaa kwenye kadi yake mwenyewe, na msafiri hufika langoni akiwa na ujumbe wa kuthibitisha malipo tu. Ujumbe huo si tiketi. Kadi ya atakayeingia inatakiwa ipatikane kwanza, na namba yake itumwe kabla fedha haijatoka.

Safari yenyewe ina hatari zake. Uhaba wa mafuta nchini Burundi umewafanya wengi wasiwe na uhakika wa kusafiri hata wakiwa na nauli mkononi. Na mara nyingine shabiki hufika, lakini mechi ndiyo haipo. Mei 8, 2021, mchezo wa Simba na Yanga haukuchezwa baada ya saa ya kuanza kubadilishwa siku hiyohiyo. Machi 8, 2025, ukaahirishwa tena siku yenyewe ya mechi, na haukuchezwa hadi Juni 25. Mtu wa Dar es Salaam aliweza kurudi nyumbani kwa daladala. Aliyetoka mbali hakuwa na njia ya kungoja miezi mitatu, na kwake swali la kumpa mtu mwingine tiketi likawa swali la nauli ya nchi mbili.

Hata mechi ya "nyumbani" imekuwa ikihama. Agosti 2024, Vital'O ya Bujumbura, klabu iliyowahi kufika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992, iliipokea Yanga katika Ligi ya Mabingwa kwenye uwanja wa Azam Complex huko Chamazi, Dar es Salaam, ikafungwa 4-0. Tiketi ya msimu ya klabu inayolazimika kucheza mechi zake za Afrika nje ya nchi ingekuwa na thamani gani kwa shabiki wa Bujumbura au Rumonge? Ni vigumu kulaumu klabu za Burundi kwa kutokimbilia biashara hiyo.

Utapeli

Mahali popote penye tiketi isiyotumika, yupo mtu wa kuiuza mara mbili. Picha ya tiketi yenye alama ya msimbo inaweza kutumwa kwa watu kumi, na mashine ya langoni humkubali wa kwanza tu. Wengine tisa hubaki nje, wakiwa na picha halisi ya tiketi halisi. Kwa sababu hiyo, klabu kadhaa za Ulaya zimeacha picha na kutumia tiketi inayoishi ndani ya simu. Aliyenunua kwa uhalali naye hujidhuru anapoiweka picha ya tiketi kwenye hadhi ya WhatsApp ili kuwaonyesha wenzake.

Lipo pia tatizo dogo linalowakuta wanaochangia kadi moja. Watu wanne hugawana bei ya msimu, kila mmoja akichukua mechi kadhaa. Mpango huo huenda vizuri hadi inapofika mechi kubwa, ambayo kila mmoja anaitaka. Wenye busara hupanga mechi kubwa kwa zamu kabla ya kulipa, na huandika jina la mmoja atakayewajibika kwa klabu. Kadi ya bei nafuu ya mtoto au mzee haimwingizi kijana wa miaka 25 mpaka tofauti ya bei ilipwe.

Mashindano makubwa hayana msimamo mmoja. Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA yenyewe ilifungua soko la kuuziana tiketi, ikichukua asilimia 15 kwa muuzaji na asilimia 15 kwa mnunuzi, jambo linalofanya mahubiri dhidi ya walanguzi yasikike kwa shida kidogo. Morocco, kwa Kombe la Mataifa ya Afrika lililoanza Desemba 2025, ilimtaka kila shabiki awe na kitambulisho maalumu kupitia programu ya simu ya Yalla. Michuano ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Iwapo utaratibu wa kitambulisho utafuatwa tena, shabiki wa Rumonge atakayeshindwa kusafiri hataweza kumpa ndugu yake tiketi bila ndugu huyo naye kuwa amesajiliwa.