Uhakiki

Juzi hapa mtaani Pasua kijana mmoja mpenda vitabu, aliyekuwa amekalia kreti ya soda nje ya duka, riwaya mpya i mkononi na kidole kimebanwa kati ya kurasa asipotewe na mahali alipofika, aliniuliza iwapo kuhakiki riwaya ni sawa na kule kuhakiki vyeti kulikowatoa watumishi wa umma jasho mwaka 2017. Nilicheka, kisha nikataamali. Neno hakiki, ambalo asili yake ni Kiarabu na nduguze ni haki na hakika, humtaka mtu autafute ukweli. Wala si kupasua kitabu kama kuni, ijapokuwa jina la mtaa wetu laelekea huko. Ila ukweli gani, ilhali kisa ni cha kubuni? Chukua mfano: riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kwa rai yangu, waliohukumu hivyo walihakiki mwenendo wa mhusika Rosa, kitabu hawakukihakiki. Basi, kijana wangu, ukiimaliza riwaya yako, nionyeshe ukurasa uliokusadikisha, na ule uliokutia shaka.