Wazazi waliopita ndani ya vita na roho za watoto wao: mambo ya kufahamu

Hapa kwetu mashariki ya Kongo, vita vilianza mwaka 1996, vikarudi 1998, na mpaka sasa sehemu nyingi za Ituri na za Kivu zote mbili hazijapata utulivu. Mama mwenye miaka karibu 30 leo, yeye mwenyewe alibebwa mgongoni watu wakikimbia. Njo maana wazazi wengi wanajiuliza: mtoto anaweza kubeba kidonda cha vita ambavyo hakuviona?

Anaweza. Lakini haiko laana. Kidonda kinapitia namna mzazi anavyomshika mtoto, anavyomwangalia na anavyomjibu kila siku.

Mtoto anashikamana namna gani?

Mtoto mdogo akiogopa, anamkimbilia mtu wake. Akipokelewa, anatulia, kisha anarudi kucheza. Daktari Mwingereza John Bowlby ndiye aliyeandika sana juu ya jambo hili. Mwenzake Mary Ainsworth alilichunguza kwanza hapa jirani, Uganda: mwaka 1954 na 1955 alitembelea familia za Waganda karibu na Kampala, na kitabu chake kikatoka 1967. Aliona kwamba watoto wachanga wanashikamana na mama, lakini pia na baba, nyanya au ndugu wakubwa.

Vita inaingilia wapi?

Mwili wa mtu mwenye kidonda cha roho unabaki macho. Mlango ukigongwa kwa nguvu, anaruka. Mwingine roho inakufa ganzi: ananyonyesha, lakini macho yako mbali. Mwingine anakasirika mbio, fimbo inatangulia neno.

Mtoto hajui habari za 1998, wala za Goma Januari 2025. Anaona uso wa mzazi tu. Shida kubwa iko hapo: mtu anayepashwa kumkimbilia akiogopa, njo huyo huyo anamwogopesha. Anabaki katikati, hajui akaribie ao akimbie.

Kwa mama aliyezaa kisha kubakwa, uso wa mtoto unaweza kumrudishia sura ya adui. Anampenda, na siku ingine hawezi kumwangalia. Hiyo haimaanishi kwamba ni mama mubaya. Anahitaji msaada, si masemi ya majirani.

Alama za kuangalia

- Mtoto hamwachilii mzazi hata kidogo, hata kwenda chooni.
- Anaumia lakini halii, hatafuti mtu. Watu wanasema "ana akili", kumbe amezoea kutojibiwa.
- Anamchunga mama yake kama vile yeye ndiye mzazi.

Alama moja ya siku mbili haitoshi. Angalia zile zinazodumu. Na mtoto aliyenyamaza ghafla apelekwe kwanza kituo cha afya, maana malaria na njaa vinanyamazisha pia.

Mzazi afanye nini?

Mwaka 1975, Selma Fraiberg na wenzake huko Marekani waliandika kwamba wazazi wanaokumbuka maumivu ya utoto wao na kuyasikia moyoni hawayarudishi kirahisi juu ya watoto. Kuyafungia ndani hakumlindi mtoto.

- Ukimfokea sababu ya mshtuko, rudi kwake. Mbebe, mwambie: "Nilishtuka, haukukosa kitu."
- Ukienda shambani ao sokoni, muage. Usitoroke.
- Akiuliza juu ya baba aliyeuawa, mpe jibu fupi na la kweli, bila habari za damu.
- Siku umechoka sana, mwachie nyanya ao shangazi anayemzoea.
- Ongea na mtu. RECO wa avenyu yako anaweza kukuonyesha msaidizi wa mambo ya roho, wale tunaoita APS. Huko Bukavu, hopitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inatunza mwili na roho pamoja.

Mtoto haombi mzazi asiyeogopa. Anaomba mzazi anayerudi kwake kisha woga kupita, leo, kesho na kesho kutwa.